Jinsi ya kupiga hesabu ya stima ya upepo ukiwa umesimama Ngong

Jirani yangu anauza maziwa na mtindi karibu na stendi ya Ngong. Mlango wa duka lake unatazama milima, na ukiinua kichwa tu unaviona vinu vya upepo vimejipanga mgongoni mwa mlima. Siku moja stima ilipotea saa mbili asubuhi ikarudi jioni. Maziwa lita 40 yakachacha kwenye friji. Upepo nao ulikuwa mkali ajabu, mabati yanapiga kelele, na vinu vinazunguka kama kawaida. Nilipopita akanishika mkono.

"Fundi, hebu nieleze. Kiwanda cha stima kiko hapo juu, nakiona kwa macho yangu. Upepo upo. Mbona mimi niko gizani?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya gridi, mama." Akaniangalia vile watu huangalia fundi aliyeshindwa na kazi.

Mimi ni fundi wa waya za nyumba. Wakati vinu vingine vilipokuwa vinaongezwa huko juu nilifanya kibarua cha kuchimba mitaro ya nyaya, kwa hiyo najua kidogo kilicho chini ya ile nyasi. Baada ya siku ile ya maziwa nilianza kuwapandisha mlimani vijana wa chuo cha ufundi wanaojifunza kazi kwangu, Jumamosi moja moja, ili wasije wakajibu mteja vile nilivyojibu. Hatuna vifaa vya maana. Tuna simu, daftari, kalamu na mwavuli mmoja mbovu. Nitakuonyesha tunavyofanya, nawe ufanye.

Kabla hujapanda

Kutoka Nairobi panda matatu ya nambari 111 hadi Ngong mjini, kisha bodaboda hadi lango la msitu ulipie kiingilio. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Vaa sweta hata kama mjini kuna jua, maana kilele cha milima hii kiko karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haina adabu. Usiruke ua wowote, usiguse mlango wa mnara, usikalie sanduku lenye alama ya radi. Mbuzi wa Wamaasai utawakuta wamelala kwenye kivuli chembamba cha mnara, wamepangana mstari mmoja, wakisogea nacho kama mshale wa saa. Waache. Wao ni wenyeji.

Sasa andika namba ya kwanza. Vinu viwili vya mwanzo hapa vilisimamishwa mwaka 1993, zawadi kutoka Ubelgiji, vidogo tu. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wakaweka sita vya kilowati 850 kila kimoja, jumla megawati 5.1. Baadaye vikaongezwa vya ukubwa huohuo hadi shamba zima likafika megawati 25.5. Gawanya 25.5 kwa 0.85. Umepata 30, na hivyo ndivyo vinu unavyopaswa kuvitafuta kwa macho. Hutaviona vyote ukiwa sehemu moja, mgongo wa mlima umejikunja.

Ile 850 ndiyo inayopotosha watu. Hiyo ni sawa na 180 iliyoandikwa kwenye dashibodi ya matatu. Gari linaweza, lakini nani amewahi kuiona 180 kwenye foleni ya Dagoretti Corner? Kazi yetu mlimani ni kujua kinu kinakwenda kwa ngapi sasa hivi.

Mwavuli

Huna kipimaupepo, kwa hiyo mwili wako ndio kipimo. Simama mahali pa wazi, mbali na miti, mgongo uwape vinu na uso uupe upepo.

Majani na vijiti vikitikisika bila kupumzika, na shuka ikiinuka kidogo, huo ni upepo wa mita 4 au 5 kwa sekunde. Vumbi likianza kupanda na karatasi kukimbia, weka 6 au 7. Miti midogo ikiyumba yote, shina na majani, andika 8 hadi 10. Sasa fungua mwavuli. Ukikushinda kuushika, uko kwenye 11 kwenda juu. Ukigeuka nje ndani, tayari umeelewa kwa nini nilisema ulete mbovu. Kutembea kukiwa kama kusukuma mlango, ni 14 na zaidi, na hapo mimi huwa nawaambia vijana tushuke.

Kumbuka kwamba kitovu cha kinu kiko juu sana kuliko kichwa chako, na huko hakuna nyasi wala mawe ya kuupunguza upepo mwendo. Ukiandika 7 kwa miguu yako, juu inaweza kuwa 8. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukuonyesha jambo kubwa ninalotaka ulione.

Jambo lenyewe ni hili: upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Si mara mbili. Kila sekunde inaleta hewa mara mbili, na kila kilo ya hewa hiyo imebeba nguvu mara nne kwa sababu ya mwendo wake. Mbili mara nne, nane. Hata nikiliandika kwa kalamu nyekundu, bado kuna kijana atakayebisha hadi apige hesabu mwenyewe.

Hesabu yenyewe

Chukua vitu vitatu: uzito wa hewa, eneo la duara ambalo mapanga yanalifagia, na mwendo wa upepo.

Hewa ya Mombasa ina uzito wa karibu kilo 1.2 kwa kila mita moja ya ujazo. Ya Ngong ni nyepesi zaidi, kama kilo 0.92. Ni hewa kama ile ya Iten inayowafanya wageni wapumue kwa mdomo huku wenyeji wakikimbia. Kwa kinu hiyo ni hasara, maana robo ya nguvu imepotea kabla hujaanza, kwa sababu ya mwinuko tu. Faida ya mlima ni kwamba upepo unaopanda mteremko unabanwa kileleni ukaongeza mwendo, na faida hiyo inaishinda hasara.

Eneo: kinu cha aina hii kina mapanga yanayochora duara la kipenyo cha mita 52. Nusu yake ni 26. Zidisha 26 kwa 26 kwa 3.14, utapata karibu mita za mraba 2,124. Nusu ekari na ushei imesimama wima hewani. Kijana mmoja kutoka Kitengela aliposikia hivyo aliuliza itauzwa shilingi ngapi.

Sasa mwendo. Tuseme mwavuli umekupa 8. Zidisha 8 kwa 8 kwa 8, ni 512. Kanuni ni nusu, mara uzito wa hewa, mara eneo, mara hiyo 512. Yaani 0.5 × 0.92 × 2,124 × 512. Jibu ni kama wati 500,000, au kilowati 500. Hiyo ndiyo nguvu ya upepo unaopita katikati ya duara.

Huwezi kuichukua yote. Ukiichukua yote, hewa ingesimama palepale nyuma ya mapanga na nyingine isingepata pa kupita, kama abiria aliyeshuka matatu akabaki amesimama mlangoni. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba ukomo ni asilimia 59.3, hata ukiwa na kinu kisicho na kasoro. Kinu halisi, ukishatoa msuguano wa gia na joto la jenereta, weka asilimia 40. Kwa hiyo 500 zako zinakuwa 200.

Kinu cha kilowati 850, upepo wa kupendeza, mwavuli unatetemeka mkononi, na unapata 200! Hapo ndipo vijana hunyamaza.

Rudia kwa upepo wa 10. Elfu moja mahali pa 512. Utapata karibu kilowati 390. Mita mbili tu za nyongeza na stima imekaribia kuwa maradufu. Rudia kwa 4: kilowati 25 hivi, sehemu moja ya nane ya zile 200. Ndiyo sababu watu wa kampuni hizi hupima upepo mahali mwaka mzima na zaidi kabla ya kununua hata bolti moja. Ukikosea mwendo kwa kidogo, umekosea stima kwa kikubwa.

Kisha igeuze iwe lugha ya tokeni. Kilowati 200 zikikaa saa nzima ni yuniti 200. Nyumba yangu, yenye taa, televisheni, friji ndogo na pasi ya Jumapili, hula kama yuniti 2 kwa siku. Saa moja ya kinu kimoja kwa upepo wa 8 ni siku nzima ya nyumba 100 kama yangu. Hesabu hii ndiyo watu huipenda, nami huiweka mwisho kusudi, maana nikianza nayo hawasikilizi zile nyingine.

Hesabu mizunguko, lakini usidanganyike

Chagua kinu kimoja. Chagua panga moja, ulifuate kwa macho, usiliachie. Washa stopwochi na uhesabu mara ngapi linapita chini katika dakika moja. Wa kwanza huwa wanahesabu mapanga yote matatu wakapata namba ya ajabu. Wakikuletea 75, gawanya kwa tatu.

Kwa vinu hivi, ukiwa na upepo mzuri, utapata kama 26. Mzunguko mmoja wa ncha ya panga ni 3.14 × 52, karibu mita 163. Zidisha kwa 26, kisha kwa 60, na utaona ncha ile inakwenda karibu kilomita 255 kwa saa. Ukiiangalia kwa chini unaona kitu kinachozunguka taratibu kama mtu mvivu. Ule mlio wa "fuu, fuu, fuu" ndio unaosema kweli.

Kosa ni kufikiri mizunguko ndiyo stima. Kinu kikishafika mwendo wake hakiongezi tena sana. Upepo ukizidi, kinachoongezeka ni nguvu ya kusukuma, na stima inapanda huku wewe chini ukiona mzunguko uleule. Na upepo ukizidi kiwango cha jenereta, mapanga yenyewe hujigeuza kidogo kwenye mizizi yake, yakauachia upepo mwingine upite bure. Ukiwa na miwani mizuri ya mbali utaona panga limebadilisha pembe.

Mhimili mkubwa unazunguka mara 26 kwa dakika, na jenereta inahitaji mizunguko mingi zaidi, kwenye 1,600. Kati yao kuna sanduku la gia, juu kule ndani ya kichwa cha kinu, kile kinachoonekana kama boksi la lori. Kanuni ni ileile ya baiskeli ya Black Mamba: sprokoti kubwa mbele, ndogo nyuma. Gia hiyo ndiyo inayoumiza vichwa vya mafundi wa matengenezo, kwa mafuta yake, kelele zake na uzito wake.

Juu ya kichwa, kwa nyuma, kuna vijiti viwili vidogo. Kimoja kinapima mwendo wa upepo na kingine mwelekeo. Mota zinakigeuza kichwa kizima kitazame upepo unakotoka. Angalia vinu vyote vinatazama wapi. Mara nyingi hapa vitakuwa vimeelekea mashariki, vimeipa mgongo Bonde la Ufa. Ukiona kimoja kimetazama kwingine na wenzake wote wako sawa, hicho kiko kwa fundi.

Kinu kikisimama

Watu wa mjini wakiona vinu vimesimama husema vimeharibika. Pengine. Lakini kwanza uliza maswali haya.

Je, kuna upepo? Chini ya mita 4 hivi kwa sekunde vinapumzika, au vinazunguka polepole bila kutoa kitu. Je, upepo umezidi? Kwenye mita 25 kwa sekunde vinajizima ili visivunjike. Upepo huo ungekuangusha chini kabla hujamaliza kuandika. Je, ni kimoja tu? Basi kinatengenezwa, na ukitazama chini ya mnara utaona gari. Je, ni vyote, na upepo ni mzuri? Basi usitazame vinu, tazama waya.

Hili ndilo lililonipiga chenga mimi mwenyewe. Nilidhani kinu ni kama jenereta ya petroli, ukivuta kamba kinawaka na kutoa stima popote. Sivyo. Vinu vya aina hii vinaitegemea gridi, yaani mtandao wa nyaya za stima wa nchi nzima, ili vifanye kazi. Jenereta inachukua kwenye gridi stima ya kuamsha sumaku zake, na inafuata mapigo ya gridi, mara 50 kwa sekunde, kama mcheza ngoma anayefuata mpigaji. Ngoma ikinyamaza, mchezaji anasimama. Gridi ikifa, kinu kinageuza mapanga yake yakatishe upepo kwa ubavu, na kinajifunga breki. Nchi nzima ilipozimika usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, upepo peke yake usingeweza kumwashia mtu taa kwa njia hii. Gridi iliyokufa huamshwa kwanza na mitambo inayoweza kujianzisha yenyewe, kama ile ya maji, na upepo hujiunga baadaye.

Sababu nyingine ni usalama. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa hataki kinu kimletee stima kutoka upande wa pili.

Fuata waya

Jenereta inatoa stima ya volti 690. Ikiwa kinu kinatoa kilowati zake zote 850, huo ni mkondo wa karibu ampea 711. Waya ya kubeba huo ni nene kama kifundo cha mkono, na ingechemka ukiivuta mbali. Kwa hiyo stima inapelekwa kwanza kwenye transfoma. Mahali pake hutegemea muundo, wengine huiweka juu ndani ya kichwa, wengine chini. Ikipandishwa hadi kilovolti 33, ambacho ni kiwango cha kawaida cha mashamba ya upepo, mkondo unashuka hadi ampea 15. Ampea 15! Karibu sawa na soketi ya kawaida ya nyumbani. Na joto linalopotea kwenye waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo kwa waya uleule hasara imepungua zaidi ya mara 2,000.

Vijana wakisharudia hesabu hiyo mara moja hawaniulizi tena kwa nini nguzo kubwa zina volti nyingi.

Nyaya za vinu zinapita chini ya ardhi, kwenye ile mitaro, zinakutana kwenye kituo cha kupooza na kupandisha umeme, kisha zinaingia kwenye gridi. Kuanzia hapo stima ya Ngong haina jina tena. Imechanganyika na ya mvuke wa ardhini wa Olkaria na ya mabwawa ya mto Tana, kama maziwa ya wafugaji hamsini kwenye tangi moja la kiwanda. Huwezi kusema glasi hii ni ya ng'ombe wa nani.

Mfano huo wa maziwa ndio niliorudi nao dukani. Nikamchorea mama nyuma ya risiti. "Wewe, mama, hununui kwa ng'ombe wa hapo juu. Unanunua kwenye tangi. Siku ile tangi lilikuwa na maziwa, na ng'ombe walikuwa wanakamwa, ndiyo maana uliona vinu vinazunguka. Kilichokatika ni mrija wa kutoka kwenye tangi kuja kwako. Mti uliangukia laini." Alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo ni mkaratusi mmoja ulionimwagia lita 40?" Ndio, mama.

Chukua hesabu hiyo uipeleke Loiyangalani

Binamu yangu ni dereva wa malori makubwa. Mwaka 2016 alikuwa anapeleka vipande vya vinu kutoka bandari ya Mombasa hadi Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, safari ya kilomita kama 1,200. Barabara kutoka Laisamis, kilomita 208, ilibidi itengenezwe kwanza ndipo malori yapite. Yeye hakumbuki megawati, anakumbuka mawe, na upepo unaomnyang'anya mtu chapati mkononi.

Shamba hilo, Lake Turkana Wind Power, lina vinu 365 vya kilowati 850, kipenyo kilekile cha mita 52. Zidisha: megawati 310. Daftari lako la Ngong linafanya kazi kule bila kubadilisha kitu isipokuwa mwendo wa upepo na uzito wa hewa. Upepo wa kutoka kusini mashariki unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, na kwenye shamba unapita kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, ukafika wastani wa mita 11 kwa sekunde. Weka 11 kwenye kanuni na hewa nzito zaidi, maana kule ni chini, uone mwenyewe tofauti na 8 ya mwavuli wako.

Kisha piga hesabu ya mwaka. Mwaka una saa 8,760. Megawati 310 zikienda mwendo wa mwisho mwaka mzima ni megawati-saa milioni 2.7. Hakuna kinu kinachofanya hivyo. Turkana hutoa zaidi ya nusu ya hapo, na duniani hiyo ni namba ya kujivunia. Mashamba mengi ya nchi kavu hutosheka na theluthi.

Mwezi Machi 2017 kinu cha mwisho kilikuwa kimesimama. Stima iliyofika Nairobi: sifuri. Laini ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa, kilomita zaidi ya 400, haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Vinu 365 vilikaa mwaka na nusu vikitazama upepo bora kuliko wote nchini, na serikali ikaingia gharama ya fidia kwa kuchelewa huko. Kwa hiyo ukiwa unakagua mradi wowote wa upepo, wa Kenya au wa kwingine, swali langu la kwanza si vinu vingapi. Ni waya uko wapi na nani anaujenga. Swali la pili ni ardhi ni ya nani. Mradi wa Kinangop wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 kwa ugomvi wa ardhi, na mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi huo wa Turkana hazikutolewa kwa kufuata sheria. Mambo hayo hayamo kwenye kanuni ya mwendo kwa mwendo kwa mwendo, lakini yanasimamisha kinu haraka kuliko dhoruba.

Turkana ina kituko kingine. Upepo wake hupenda usiku na alfajiri, wakati sisi tumelala na pasi zimezimwa. Stima haiwekwi kwenye gunia. Inayozalishwa lazima itumike sekunde ileile, la sivyo yale mapigo 50 yanapanda. Waendeshaji wa gridi, kwenye kituo chao cha udhibiti Juja Road, ni kama mwenye bodaboda kwenye kilima: mzigo ukiongezeka injini inalalama, anaongeza mafuta, ukipungua anapunguza. Mafuta yao ni mabwawa ya Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Upepo hauna mkono wa mafuta. Usiku ukivuma sana, kuna nyakati mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani, au vinu vinaambiwa vipunguze. Kwa hiyo ukivikuta vimesimama saa kumi alfajiri katika upepo mzuri, huenda hakuna kilichoharibika.

Zoezi la nyumbani, kama umebaki na karatasi. Tazama kusini, upande wa Kajiado. Kipeto ina vinu 60 na megawati 100, lakini mapanga yao yanachora duara la kipenyo cha mita 103. Kipenyo kimekuwa karibu maradufu, kwa hiyo eneo limekuwa karibu mara nne, ilhali jenereta ni mara mbili tu ya ile ya Ngong. Kwa nini? Jibu: panga refu linakamua upepo mpole, kinu kinajaa mapema. Turkana, upepo ni mkali na barabara ni mbaya, kinu kidogo kinatosha. (Kipeto pia wana watu wa kuangalia tai, ndege akikaribia, kinu kinasimamishwa. Ongeza hiyo kwenye orodha yako ya sababu.)

Ukishashuka

Shuka kabla ya saa kumi jioni, ukungu ukianza huoni hata bodaboda. Andika kwenye daftari saa, hali ya mwavuli, mizunguko, vinu vingapi vinazunguka na vinatazama wapi. Ukurasa wangu mmoja unasema: saa nne na dakika ishirini, mwavuli unashikika kwa shida, mizunguko 26, vinavyoonekana 19, kimoja kimesimama, gari jeupe chini yake. Ukiwa na kurasa kumi za namna hiyo utaanza kukisia stima ya mlima ukiwa kitandani, kwa kusikiliza mabati.

Mama wa maziwa hakungoja. Alinunua jenereta ndogo ya petroli akaniita niifunge. Hapo ndipo somo la vinu lilipomfaa, maana alitaka niichomeke tu kwenye soketi, kama alivyoona kwa mwenzake. Nikakataa. Jenereta ikichomekwa hivyo inarudisha stima kwenye laini ya nje, na yule fundi aliye juu ya nguzo akiondoa mkaratusi anakufa. Nikamfungia swichi ya kubadilisha: ikiwa upande wa jenereta, laini ya nje imekatwa, ikiwa upande wa laini, jenereta imekatwa, na hakuna katikati. Akasema inafanya kama vile vinu. Akanilipa nusu kwa M-Pesa, nusu kwa mtindi.